Kimashine cha kupima oksijeni kidoleni, elfu 45: nimekaa nacho miezi tisa

Naandika hii rivyu kwa sababu kabla sijanunua nilitafuta mtu aliyekitumia akaandika kwa Kiswahili nikakosa, nilikuta maduka tu yanasifia mali zao, "original", "bei poa", "tunaleta mpaka mlangoni". Sasa mimi siuzi kitu. Nina steshenari ndogo Nkuhungu, hapa Dodoma, na nina mama mgonjwa wa mapafu, basi.

Wenye haraka: nyota tatu kwa tano. Kinafanya kazi, hakijaharibika, betri kinakula kidogo. Ila kama unayempima ni mweusi, na ninaposema mweusi namaanisha weusi wenyewe, sio mimi maji ya kunde, ni ule weusi wa mama yangu wa Bahi unaong'aa hata kama hajapaka mafuta, basi usikiamini peke yake. Mimi nilikiamini usiku mmoja na nusura kinizikie mama.

Tuanze mwanzo. Mama ana miaka 69, kakulia kwenye tembe, zile nyumba za udongo, na kapikia kwenye tembe, kuni, mafiga matatu, dirisha kama sahani. Moshi unatoka pale unapojisikia kutoka. Wanawake wote wa rika lake kule wana kile kikohozi cha asubuhi, sisi tukikua tulijua ni kikohozi cha uzee. Tulipomleta mjini dokta akasema hiki sio cha uzee, ni ugonjwa sugu wa njia za hewa, akampa dawa za kuvuta, na mimi akaniambia mama nanii, tafuta kile kimashine cha kubana kidoleni uwe unampima nyumbani na kuandika kwenye daftari.

Nikaenda duka la vifaa tiba sio mbali na soko la Majengo. Dada wa pale alianza na elfu 60, tukashuka mpaka 45, akanitolea kwenye boksi jeupe lenye picha ya babu wa kizungu ametabasamu kama kashinda bahati nasibu. Ndani kuna kimashine, kamba ya kuvaa shingoni, betri mbili zile nyembamba za rimoti, na kijikaratasi cha maelezo kwa Kichina na Kiingereza. Kwenye kijikaratasi kuna mchoro wa kidole, kidole cha pinki hivi kama soseji. Kinasema toa rangi ya kucha, usitikisike, mikono isiwe ya baridi. Kuhusu rangi ya ngozi hamna neno. Nilikisoma chote mara mbili baadaye, nikiwa na hasira, hamna.

Mazuri yake. Ni chepesi, unaweka mfukoni. Kinawaka chenyewe ukichomeka kidole, ndani ya sekunde kumi kinatoa namba mbili, asilimia ya oksijeni na mapigo ya moyo. Betri nimebadilisha mara moja tu miezi yote hii. Kimeanguka kwenye sakafu ya simenti mara nne hivi, mara moja mjukuu kakifanya koleo la kushikia chura, bado kipo. Mama hajui kusoma lakini namba anazijua vizuri maana kauza karanga mnadani miaka mingi, kwa hiyo anajipima mwenyewe na kunitangazia kutoka chumbani kama matokeo ya mpira.

Mabaya madogo. Vumbi la Dodoma mnalijua, linaingia kwenye kale kadirisha ka ndani kanakotoa mwanga na namba zinaanza kuruka, futa na kitambaa kikavu. Mwezi wa sita na wa saba upepo ukianza vidole vya mama vinakuwa barafu na kimashine kinaonyesha vistari tu, inabidi ashike kikombe cha chai kwanza. Na wifi yangu alipotoka kwenye sherehe na hina nyeusi mpaka kwenye kucha tulimpima kwa utani kikakataa kabisa kusoma. Hayo yote yanavumilika.

Sasa baya lenyewe.

Mwezi wa saba, saa nane usiku, nasikia mama anakohoa tofauti. Naenda, nakuta kakaa kitandani kainama mbele, mikono kwenye magoti, mabega yanapanda na kushuka kama anatwanga. Nikamchomeka kidole, nikasubiri. 95. Nikabadilisha kidole, 95. Mkono wa pili, 94. Kwenye daftari dokta alikuwa ameniandikia kwa mkono wake, ikishuka chini ya 90 mlete, usisubiri asubuhi. Sasa 95 si iko mbali na 90? Nikampa dawa yake ya kuvuta, nikamfunika, nikamwambia mama uko sawa, kimashine kinasema uko sawa. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hebu kiambie kije kikae kifuani kwangu kidogo."

Nikaenda kulala. Ndio, nililala. Naandika hivyo hivyo ili mtu mwingine asilale.

Asubuhi hawezi kumaliza sentensi. Mdogo wangu akaleta bajaji tukakimbia hospitali. Mapokezi sista akambana kidole na mashine yao, ile kubwa ya kwenye stendi yenye waya, ya bei mbaya, nayo ikasoma 94, sista akasema bibi oksijeni yake nzuri, subirini kwenye benchi. Simlaumu, aliangalia namba kama nilivyoangalia mimi. Aliyetuokoa ni dokta mmoja kijana aliyepita pale kwenye benchi akasimama. Hakugusa mashine yoyote. Alimshikia mama bega, akatoa simu, akahesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika moja kamili, ikaja 34. Mtu mzima aliyetulia ni kama 12 mpaka 20. Akamwambia bibi fungua mdomo, akaangalia ulimi na ndani ya midomo kwa tochi, akavuta kope la chini. Akaniambia kwenye vitabu wanafundishwa mtu akikosa hewa anakuwa wa bluu usoni, kwa bibi utasubiri huo ubluu mpaka kesho, mwangalie ndani ya mdomo. Kweli, ulimi ulikuwa rangi ya zabibu.

Wakachukua damu kwenye kifundo cha mkono, pale pale panapopigia mapigo, sindano ile inauma mama alilia, wakaipeleka kwenye mashine inayopima oksijeni iliyomo kwenye damu yenyewe. Jibu: 86. Kidoleni 94, kwenye damu 86, mtu yule yule, asubuhi ile ile. Akawekewa oksijeni siku tano.

Nilimuuliza yule dokta, hiki changu ni feki? Akasema hapana, na cha kwetu pia kimesoma hivyo hivyo, shida ni ya zamani na inajulikana, nenda kasome. Basi nikiwa pale wodini usiku nikaweka bando nikasoma, na nikisoma nilikuwa nazidi kukasirika.

Kwanza nikaelewa kinavyofanya kazi, na hapa ndo penyewe. Kile kimashine hakipimi oksijeni. Kinapitisha mianga miwili kwenye kidole, mmoja mwekundu unaouona na mwingine usioonekana kwa macho, upande wa pili kinaangalia mwanga kiasi gani umefika. Damu yenye oksijeni na isiyo na oksijeni zinanyonya hiyo mianga tofauti, ndo kinapiga hesabu. Mjapani anaitwa Takuo Aoyagi ndo aliyeligundua hili wazo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kusema haki ni kitu cha akili sana, kimeokoa watu kibao wakati wa upasuaji, amefariki 2020, mwaka ule ule dunia nzima ilipoanza kununua vimashine vyake kwa sababu ya korona. Lakini sasa hiyo hesabu inageuzwaje kuwa asilimia? Wanachukua watu wa kujitolea wenye afya, wanawavutisha hewa yenye oksijeni pungufu, wanawatoa damu, halafu wanaandika jedwali: mwanga ukiwa hivi, damu ilikuwa vile. Hilo jedwali ndo limo ndani ya kimashine chako. Kwa hiyo ukichomeka kidole, kinachofanyika ni kwamba unalinganishwa na watu fulani ambao huwajui. Na wale watu wengi wao walikuwa weupe. Weusi wa ngozi nao unanyonya mwanga, na kama jedwali halikuwahesabu watu weusi vya kutosha, kimashine kinakosea, na balaa ni kwamba mara nyingi kinakosea kwa kuongeza. Kinakupa oksijeni usiyokuwa nayo.

Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa ilitoa mwongozo 2013 kwamba kampuni ikijaribu kifaa hiki ichukue angalau watu 10, na kati yao wenye ngozi nyeusi wawe angalau wawili, au asilimia 15. Wawili! Mimi hata sare za kwaya siwezi kushonesha kwa vipimo vya watu wawili.

Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha hesabu zao. Walichukua wagonjwa ambao kidoleni walisoma kati ya 92 na 96, yaani "bibi oksijeni yake nzuri", wakalinganisha na damu iliyotolewa muda ule ule. Kwa wazungu, 3.6 kwa mia walikuwa kwenye damu wako chini ya 88. Kwa weusi 11.7 kwa mia. Zaidi ya mara tatu. Na hizo ni mashine za hospitali kubwa ya Marekani, sio za elfu 45 za Majengo, kwa hiyo msiniambie ningenunua ya laki mbili ningepona. Mwaka 2022 ukatoka utafiti mwingine kwa wagonjwa wa korona kule kule, ukaonyesha weusi walichelewa kutambuliwa kwamba wanastahili dawa kwa sababu namba ya kidoleni ilikuwa inawaambia madaktari bado. Yaani wameambiwa wakae kwenye benchi, kama mama.

Mnajua kilichonimaliza? Kuna utafiti wa 1990 uliokwishasema kwamba kwa mgonjwa mweusi namba ya kidoleni haiaminiki kama kwa mweupe. Elfu moja mia tisa tisini. Mimi nilikuwa darasa la pili, naandika hati mbaya kwenye daftari la mistari mikubwa, na watu tayari wanajua. Miaka thelathini vimashine vinatengenezwa, vinauzwa, vinaboreshwa kioo, vinawekewa rangi za kupendeza na kamba ya shingoni.

Mambo yamesogea kidogo. Uingereza waliunda kamati chini ya Profesa Margaret Whitehead, ripoti ikatoka Machi 2024 ikakiri kwamba vifaa hivi vinaweza kuwaumiza watu wenye ngozi nyeusi. Januari 2025 Wamarekani wakatoa rasimu ya mwongozo mpya, wajaribiwe watu 150 na zaidi, wa kila rangi. Rasimu lakini. Na inahusu vifaa vya matibabu, hivi vya kujinunulia mtu vingi havipiti hata kwenye huo mlango.

Sasa niseme kitu kimoja halafu nirudi kwenye rivyu. Sisi huku tukisikia ubaguzi wa rangi tunaona ni habari za kule, Mmarekani mweusi na polisi, mchezaji katupiwa ndizi uwanjani. Dodoma nani atakubagua kwa weusi, dada wa dukani mweusi, sista mweusi, dokta mweusi, dereva bajaji mweusi, mkuu wa wodi mweusi. Pale hospitali hakuna hata mtu mmoja aliyemdharau mama, wote walimwamkia shikamoo bibi. Na bado kabaguliwa. Kabaguliwa na jedwali lililoandikwa mbali miaka mingi kabla, likafungwa ndani ya plastiki, likasafiri kwenye kontena mpaka hapa, likamshika kidole. Na sisi hapa sio wachache, sisi ndo wote, lakini kifaa kinatuchukulia kama wale wawili wa kujazia kumi.

Nilidhani yameisha, kumbe. Wiki tatu baada ya kutoka tukarudi kliniki, mama akapulize ile mashine ya kupima nguvu ya mapafu, unapuliza kwenye bomba kama unazima moto. Kijana wa mashine akauliza umri, urefu, jinsia, halafu kwenye kioo ikaja orodha, mimi nimekaa ubavuni naiona. Mzungu. Mmarekani Mweusi. Mwasia wa huku, Mwasia wa kule. Wengineo. Kijana akabonyeza Mmarekani Mweusi bila hata kupepesa. Nikamwambia samahani mdogo wangu, huyu ni Mgogo. Akacheka, "Dada, Mgogo humu hayupo." Mama alipoelezwa akanyanyua mkono akaipungia ile kompyuta kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi Marekani!" Chumba kizima tulicheka.

Ila nikauliza, ukibonyeza hapo kinabadilika nini? Akaeleza vizuri tu, mashine ina kiwango inachokitegemea kwa mtu wa umri na urefu huo, ukichagua mweusi kiwango kinashushwa, maana inahesabiwa mapafu yetu kwa asili ni madogo. Sasa piga hesabu mwenyewe, kama unategemewa kupata kidogo, ukipata kidogo unaonekana mzima. Hili nalo lina babu yake. Mwaka 1851 huko kusini mwa Marekani daktari wa mashamba ya watumwa, Samuel Cartwright, aliandika kwamba mapafu ya mtu mweusi yamepungua kama asilimia 20 ukilinganisha na mzungu, na akatumia hoja hiyo hiyo kusema kazi ya shuruti inamfaa kiafya. Chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilisema 2023 kwamba hiyo ya kugawa mapafu kwa rangi iachwe. Umeona miaka kutoka 1851 mpaka 2023, na ile kompyuta ya kliniki bado haijapata taarifa. Namshukuru yule kijana, nilipomuuliza alirudia hesabu kwa kuchagua "wengineo" akamwandikia dokta majibu yote mawili. Yalitofautiana vya kutosha dokta akabadilisha dawa.

Haya, kimashine. Je nimekitupa? Hapana. Mtu asisome hapa akaenda kutupa cha kwake, bora hicho kuliko kubahatisha gizani. Ninavyokitumia sasa nimeelekezwa na dokta wetu na nimebandika kwenye boksi, juu ya uso wa yule babu wa kizungu, samahani babu. Naangalia mwendo, sio namba moja. Mama akiwa mzima anasoma 95, 96, kwa hiyo akishuka hata kufika 92 kwangu hiyo ni kengele, sisubiri 90 ya kitabuni. Namba zenu zitakuwa tofauti, muulizeni dokta wenu, ya mama yangu ni ya mama yangu. Halafu kabla ya kuchomeka kidole nahesabu pumzi, dakika nzima kwa saa ya simu, bila kumwambia maana akijua anahesabiwa anapumua kwa heshima. Pumzi naandika kwanza, namba ya kidole pembeni. Naangalia ulimi. Namuuliza sentensi ndefu nione kama anaimaliza. Vikigombana, pumzi zinasema vibaya na kimashine kinasema vizuri, tunaita bajaji.

Na ukifika hospitali wakakwambia namba nzuri wakati unaona mtu wako anahangaika, sema kwa upole lakini sema, naomba mumhesabie pumzi. Ukiona bado, uliza kama wana kipimo cha damu ya mshipa wa mkono. Sio kila mahali kipo, kwenye zahanati hutakikuta, hospitali kubwa hapa mjini unaweza kukipata. Mimi ningejua ile asubuhi tusingekaa kwenye benchi hata dakika moja.

Juzi nimerudi pale dukani kununua betri. Yule dada akanikumbuka, akauliza kinaendeleaje. Nikamwambia kipo, ila una aina nyingine iliyojaribiwa kwa watu weusi? Akadhani natania. Nikamhadithia yote, 94, 86, ulimi rangi ya zabibu, akaacha kucheka. Akapanda kwenye stuli akashusha aina zote tatu alizonazo, tukasimama pale kaunta wateja wanasubiri, tunasoma vijikaratasi. Cha elfu 45, cha elfu 80, cha laki na ishirini. Rangi ya kucha, vyote vimeandika. Mikono ya baridi, vyote. Ngozi, kimoja tu, kile cha laki na ishirini, mstari mmoja chini kabisa kwa herufi ndogo kama chumvi, kwamba rangi ya ngozi inaweza kuathiri usomaji. Hakisemi kwa kiasi gani wala upande gani.

Akaniuliza sasa wateja wangu niwaambieje. Nikamwambia waambie wahesabu pumzi. Akachukua kalamu akaandika kwenye kipande cha boksi, "HESABU NA PUMZI", akakibandika kwenye kabati la vioo juu ya hivyo vimashine. Betri alinipa bure.